UZI: Sukari za mimea zinazoshusha sukari ya panya, tuzisome vizuri kabla ya kutupa vidonge

Laborantini_Nguba (Bukavu)

Wakuu, kuna ujumbe unazunguka kwenye simu za watu hapa Bukavu, na sasa umechapwa hadi kwenye karatasi zinazobandikwa juu ya bidoni (madumu) za dawa ya miti sokoni Kadutu. Unasema wataalamu wa Asia wamechukua "sukari za asili" za mimea, wakawapa panya wenye maladi ya sukari, glisemi, yaani sukari ya damu, ikarudi chini. Basi mgonjwa anywe glasi asubuhi, glasi jioni, vidonge aviache.

Mimi ni mtu wa labo, si munganga, yaani daktari, na simwandikii mtu dawa. Ila majaribio ya namna hiyo nayasoma, na wakati wa masomo niliwashika panya wenyewe. Naomba tuyaangalie pamoja.

Panya wale glisemi yao ilishuka kweli. Hilo sibishani nalo. Kazi za utafiti za aina hiyo zimejaa, hasa kutoka China, Japani, India na Korea, na nyingi zimefanywa na watu makini. Ninachobishana nacho ni safari ya kutoka kwenye kizimba cha panya hadi kwenye glasi ya mama yako.

Kwanza swali ambalo kila mtu ananiuliza: sukari inashushaje sukari? Unga wa muhogo tunaosonga bukari, yaani ugali, ni mnyororo mrefu wa glukosi. Ute wa gombo, yaani bamia kwa ndugu zetu wa pwani, nao ni mnyororo wa sukari: galaktozi, ramnozi na asidi ya galakturoni. Minyororo hii inaitwa polisakaridi. Kinachoitofautisha ni namna ilivyoungwa. Vimeng'enya vya mate na vya kongosho vinakata viungo vya wanga wa muhogo bila kusumbuka, na muda si mrefu glukosi iko kwenye damu. Lakini viungo vya ute wa gombo, vya maji mazito ya aloe au vya mbegu za uwatu, mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuvikata. Sukari hizo zinapita utumbo mwembamba zikiwa nzima.

Zikiwa njiani zinafanya kazi mbili. Zinafanya chakula kuwa kizito na chenye kuteleza, hivyo glukosi ya bukari inafika kwenye ukuta wa utumbo polepole na haipandi kwa ghafla. Kisha zikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo, ambao wana vimeng'enya tusivyo navyo, wanazichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati, butirati. Asidi hizo zinagusa seli za utumbo zinazotoa homoni iitwayo GLP-1, na homoni hiyo inaisukuma kongosho itoe insulini wakati chakula kipo. Kwa hiyo si uchawi. Kuna njia inayoeleweka, na ndiyo maana watafiti wanaipenda sana.

Sasa tazama dawa yenyewe inavyotolewa, maana hapo ndipo bidoni na kazi ya kisayansi vinaachana. Majani au mizizi hukaushwa, husagwa, huchemshwa kwa maji masaa kadhaa na kuchujwa, kisha maji hupunguzwa hadi yawe mazito. Halafu unamimina alkoholi kali, mara tatu au nne ya ujazo wa maji yale, unaacha kwenye frigo usiku kucha. Asubuhi unakuta nyuzi nyeupe zimetuama chini, kama yai lililopasuliwa ndani ya supu ya moto. Hizo ndizo polisakaridi. Uchungu na sehemu kubwa ya rangi vimebaki juu kwenye alkoholi, na vinamwagwa. Nyuzi zinaoshwa, protini zinaondolewa kwa klorofomu na butanoli, chumvi zinatolewa, kisha kitu kizima kinakaushwa kikawa unga mweupe mwepesi. Huo ndio panya aliopewa. Bidoni ya sokoni ina kila kitu kwa pamoja, tena bila kipimo: uchungu, rangi, udongo wa kwenye mizizi, na polisakaridi labda kidogo.

Panya naye hakuugua, aliugushwa. Mwaka 1943 huko Glasgow, Dunn na wenzake walikuwa wanachunguza mambo ya figo, wakawadunga sungura kemikali inayoitwa aloksani, wakakuta imeua seli za kongosho zinazotoa insulini. Tangu hapo imekuwa njia ya kawaida ya kumpa mnyama ugonjwa wa sukari. Siku hizi wengi wanatumia streptozotosini, ambayo asili yake ni bakteria wa udongoni. Panya anadungwa miligramu 50 hadi 65 kwa kila kilo ya uzito, na baada ya siku tatu unamchoma ncha ya mkia na kupima. Ambaye yuko juu ya miligramu 250 kwa desilita anaingia kwenye jaribio. Hata bila kipimo unamtambua: chupa ya maji inayomtosha mwenzake siku nzima yeye ameimaliza, na maranda ya kulalia yamelowa hadi harufu inakupokea mlangoni.

Halafu mafungu. Fungu la wazima, fungu la wagonjwa wasiopewa kitu, fungu la wagonjwa wanaopewa vidonge vya kawaida vya sukari, metformini au glibenklamide, na mafungu ya dawa ya mmea kwa vipimo tofauti, mara nyingi miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo. Kila asubuhi unamshika panya kwa ngozi ya shingo, unampitishia bomba la chuma lenye kichwa cha mviringo hadi tumboni, unasukuma dawa. Wiki nne hivi. Ukikosea bomba likaingia kwenye mapafu, panya amekwenda.

Kwa hiyo mtu akikuambia "imethibitishwa kwa panya", muulize panya gani. Aliyeuawa seli za insulini anafanana zaidi na kijana mwenye ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza, wakati mgonjwa wa kawaida wa Kadutu au Bagira ni mtu mzima wa aina ya pili, ambaye insulini anayo lakini mwili hauisikii. Ndiyo maana maabara nyingine zinawalisha panya mafuta mengi kwanza, kisha streptozotosini kidogo, au zinatumia vipanya vinavyonenepa kwa sababu ya kasoro ya urithi, vinavyoitwa db/db. Hao angalau wanakaribia.

Muulize pia dawa ilianza lini. Aloksani inaua kwa kutengeneza chembe kali za oksijeni. Ukimpa panya mmea wenye kuzima chembe hizo *kabla* ya sindano ya aloksani, kongosho yake itapona, na grafu itapendeza kabisa. Lakini ulichoonyesha ni kwamba mmea umezuia sumu yako mwenyewe. Mgonjwa wa Bukavu hakudungwa aloksani na mtu. Tena wanyama wa aloksani wengine wanapona wenyewe bila dawa yoyote, kwa hiyo kazi isiyo na fungu la wagonjwa wasiotibiwa mimi siisomi mara mbili.

Muulize kama dawa iliingia kwa mdomo au kwa sindano. Polisakaridi za ginseng zilizotolewa Japani miaka ya 1980, zinazoitwa panaksani, zilishusha glisemi ya vipanya zilipodungwa tumboni. Molekuli kubwa namna hiyo ukiinywa, tumbo na bakteria wana la kusema kwanza. Huwezi kuchukua matokeo ya sindano ukayatia kwenye glasi.

Na mwisho kipimo, hapo ndipo biashara yote inapoanguka. Kutoka panya kwenda mtu, unagawanya kwa takriban 6.2. Miligramu 400 kwa kilo zinakuwa kama 65. Mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 4 za unga ule mweupe kila siku. Ikiwa mmea unatoa gramu 5 za polisakaridi kwa kila gramu 100 kavu, unahitaji karibu gramu 80 za majani makavu kwa siku, yaliyochemshwa masaa. Je, ndivyo ilivyo ile glasi? Nani aliipima?

Maswali karibu.

Mama_Sifa (Goma)

Asanti Papa kwa maelezo. Mie minauliza kitu moja. Mama yangu anakunywaka metformini tangu zamani, na sasa wamemuambia akule gombo sana, hata maji ya gombo yenye imelala ndani ya glasi usiku, anayikunywa asubuhi pamoja na kidonge. Kuko shida?

Laborantini_Nguba

Mama Sifa, swali lako ndilo nililokuwa nalingojea. Mwaka 2011 watafiti wa Bangladesh walifanya jambo hilohilo kwa panya: waliwapa glukosi pamoja na maji ya gombo, na kweli glukosi iliingia kwenye damu pole. Lakini walipowapa metformini pamoja na maji yaleyale, dawa nayo ilishindwa kuingia vizuri, na nguvu yake ya kushusha sukari ikapotea. Ute haubagui. Unaoshika glukosi unashika na kidonge.

Ni panya, sawa, na nimetoka kuandika aya nyingi kwamba panya si mtu. Ila hapa kuna tofauti: kutenganisha viwili hivi hakumgharimu mama kitu, kumbe kuvichanganya kunaweza kumnyima dawa. Gombo kwenye chakula na bukari ale tu, ni mboga nzuri. Maji ya gombo pamoja na kidonge ndani ya tumbo tupu, hapana. Na umweleze munganga wake kwamba anayanywa, wagonjwa wengi huwa hawasemi.

Mzee_wa_Miti (Kadutu)

Naona vijana wa labo mnapenda kutudharau. Mimi nauza dawa za miti, baba yangu aliuza, babu yangu alichimba mizizi huko Kabare. Watu wanapona. Hizo metformini zenu zimetoka wapi kama si mitini? Mzungu akichukua mti akautia kwenye kidonge ni sayansi. Mimi nikiutia kwenye bidoni ni uongo?

Laborantini_Nguba

Shikamoo Mzee. Sikudharau, na kwa metformini uko karibu kabisa na ukweli. Kuna mmea wa Ulaya unaitwa Galega officinalis, ambao watu wa huko waliutumia zamani. Ndani yake kuna galejini, inayoshusha sukari lakini ni sumu. Wanakemia wakachunguza molekuli jamaa zake, na metformini ni mojawapo. Metformini yenyewe ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1922, ikalala hadi Mfaransa Jean Sterne alipoanza kuitumia kwa wagonjwa na kuchapisha matokeo mwaka 1957.

Lakini kuna hadithi nyingine inayohusu uzi huu zaidi, kwa sababu ni ya sukari ya mmea hasa. Mwaka 1835 kutoka kwenye magome ya mizizi ya mti wa tofaa ilitolewa florizini. Ni glukosi iliyofungwa kwenye molekuli nyingine. Kwa kuwa ilikuwa chungu, walidhani itatibu homa kama kwinini. Mwaka 1886 daktari Mjerumani von Mering, ambaye miaka mitatu baadaye yeye na mwenzake Minkowski walionyesha kwamba mbwa akitolewa kongosho anapata ugonjwa wa sukari, aliwapa mbwa florizini na mkojo wao ukajaa sukari. Kwa miaka mingi ilionekana kama sumu ya kufundishia tu. Baadaye ikaeleweka: florizini inaziba mlango ambao figo hutumia kurudisha glukosi kwenye damu, ndiyo maana glukosi inamwagika kwenye mkojo. Mwaka 1987 kikundi cha mtafiti DeFronzo kikaipa panya waliokatwa sehemu kubwa ya kongosho; glisemi ikarudi kawaida, na mwili wao ukaanza kuisikia insulini tena.

Ungedhani basi tuchemshe mizizi ya tofaa. Haifai. Ukiinywa, kimeng'enya cha utumbo kinaikata kabla haijafika popote, na iliyobaki inaziba pia mlango wa utumboni, tumbo linaharisha. Wanakemia wakabadilisha kiungo kile ili kisikatwe na kiguse figo peke yake. Dapaglifozini na kanaglifozini, zilizoingia sokoni mwaka 2012 na 2013, ni wajukuu wa gome lile.

Mzee, hapa kwetu Bukavu tunayo Pharmakina, kiwanda cha kwinini, tunajua maana ya gome kuwa kwinini: miligramu zinazojulikana, vilevile Januari na Julai. Bidoni yako ya leo na ya wiki ijayo ni sawa? Majani ya msimu wa mvua na ya kiangazi? Nakuuliza kwa heshima, kwa sababu wewe ndiye unayeujua mti, mimi najua kipimo tu.

Mzee_wa_Miti

Marahaba. Si sawa. Ya kiangazi ni kali zaidi, kila mwenye kuchimba anajua. Ndiyo maana namwambia mtu apunguze maji au aongeze. Lakini karatasi ile si mimi niliyeibandika, ni vijana wanaochukua mali kwangu kwenda kuuza. Mimi simwambii mtu aache vidonge.

Mwalimu_Bagira

Mimi nataka kujua habari ya mubirizi, ule mti wa majani machungu. Kila nyumba ya Bushi ina mti wake nyuma. Je, nao ni sukari hizo?

Laborantini_Nguba

Mwalimu, mubirizi, yaani Vernonia amygdalina, umejaribiwa kwa panya mara nyingi, na katika kazi kadhaa glisemi ilishuka. Ila uchungu ule si wa polisakaridi. Ni laktoni na glikosidi za steroidi, vernoniosidi. Glikosidi ina sukari imening'inizwa kwenye molekuli, lakini kazi inafanywa na molekuli nzima. Kwa hiyo usiuweke fungu moja na gombo. (Ng'ambo ya Tanganyika, kule Mahale, sokwe mgonjwa alionekana akitafuna uboho wake, na kazi hiyo ilichapishwa 1989. Si habari ya sukari, ila siwezi kuutaja mubirizi bila kuisema.)

Shida ya mubirizi ni nyingine. Panya akipewa kitu kichungu anaweza kula kidogo. Akila kidogo, glisemi inashuka na uzito unashuka. Kazi nzuri inapima chakula alichokula kila fungu. Nyingine hazipimi, na hapo hujui kama umeona dawa au njaa.

Na anayekunywa Daonil aangalie sana. Ile ni glibenklamide, inailazimisha kongosho kutoa insulini iwe umekula au hujala, na inakaa mwilini muda mrefu. Ukiongeza juu yake kitu kinachoshusha kweli, unapata jasho baridi, mikono inatetemeka, mtu anaongea asivyoeleweka, na majirani wanasema amerogwa. Mpe maji ya sukari haraka kama anaweza kumeza, kisha hospitali.

Bin_Kafubu (Lubumbashi)

Huku kwetu kuna watu wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, waliochapisha kazi juu ya mimea tisa inayotumiwa na waganga wa Lubumbashi kwa ugonjwa wa sukari, wakaijaribu kwa wanyama wa maabara. Nawapongeza, angalau ni mimea yetu na si ya China. Lakini swali langu ni gumu zaidi: kwa nini kila siku panya? Hizo polisakaridi, kuna mtu aliyewahi kuwapa *watu* akapima?

Laborantini_Nguba

Ndugu wa Lubumbashi, wapo, na matokeo yake hayana mbwembwe, ndiyo maana hayazunguki kwenye simu. Betaglukani, polisakaridi ya shayiri na oti, imepimwa kwa watu vya kutosha hadi mamlaka ya chakula ya Ulaya ikakubali mwaka 2011 kwamba inapunguza mpando wa glukosi baada ya kula. Lakini sharti lake lisome vizuri: gramu 4 kwa kila gramu 30 za wanga, ndani ya mlo uleule. Si glasi asubuhi kisha bukari mlima mzima saa saba. Maganda ya isabgoli, konjaki na mbegu za uwatu nazo zimejaribiwa kwa watu. Zinasaidia, kwa kiasi. Kwa aina ya kwanza hakuna polisakaridi iliyochukua nafasi ya insulini, hata mmoja asijaribu.

Kuhusu panya: bila wao tusingejua njia. Nani angekubali kufunguliwa utumbo ili tuhesabu asidi za bakteria wake? Tatizo si panya, ni anayeruka kutoka kwake moja kwa moja hadi sokoni.

Mwalimu_Bagira

Basi kwa mtu wa kawaida, mwenye hela ya bukari na mboga tu, hizi sukari za mimea azipate wapi?

Laborantini_Nguba

Kwenye sahani. Maharage kwanza, Kivu tunayo. Yana nyuzi zinazochachuka na wanga wake unakatwa pole. Gombo, sombe, lenga-lenga. Punguza donge la bukari, ongeza maharage, kula mboga mwanzoni. Hakuna atakayekubandikia karatasi kwa hilo kwa sababu hakuna bidoni ya kuuza.

Mama_Sifa

Papa, kipimo tuko nacho ya kuchoma kidole, lakini bandeleti ya kutia damu ni bei. Nitajua namna gani kama gombo inamusaidia mama?

Laborantini_Nguba

Usipime ovyo, utamaliza bandeleti bure. Chagua siku mbili zinazofanana: mlo uleule, kiasi kilekile cha bukari, dawa saa ileile. Siku moja na gombo kwenye mboga, siku nyingine bila. Pima kabla ya kula na masaa mawili baada ya kijiko cha kwanza. Bandeleti nne zinatosha kukupa picha ya kwanza. Ukipata nyingine, rudia wiki inayofuata, maana siku moja inaweza kudanganya. Andika kwenye daftari umpelekee munganga. Na mama aoshe mikono kwa maji na sabuni, akauke vizuri kabla ya kuchoma. Akiwa ametoka kumenya embe au ndizi, sukari iliyobaki kwenye kidole inaingia kwenye tone, na kipimo kitakupa namba kubwa ambayo si ya damu yake.